Mkanda wa Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi, mama alipokuwa anaoga, nimevua mkanda wa cherehani yake; bila huo haizunguki. Nimeutia mfukoni, nikaja nao kazini, nikauficha ndani ya friji bovu ambalo mteja mmoja alilileta mwaka jana akapotea. Friji hilo halifunguliwi na mtu.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mke wangu atafoka. Dada yangu yuko mbali, na kwenye simu kila jambo linakuwa kubwa. Basi naandika hapa hapa karakana, kabla wateja hawajaja, mvua ya kwanza ikigonga bati.

Sababu ninazo. Mama ana miaka sabini na minane na ana sukari. Wiki iliyopita sindano ilimpita kidoleni ikatokea upande wa pili, na hakupiga kelele. Nilimkuta ametulia, anageuza gurudumu kwa mkono taratibu ili sindano itoke. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Akaniambia, "Toka kwenye mwanga, baba, unanizibia." Tangu siku hiyo cherehani ikilia nasisimka mwili mzima.

Ningemwambia aache angekataa. Huyu ni mtu aliyelea watoto wawili kwa kukanyaga chuma kile. Akitandaza kitambaa mezani anakiangalia muda mrefu, haongei, humwongeleshi. Halafu anatia mkasi na hasimami mpaka mwisho. Mambo yote ya maisha yake ameyaamua hivyo. Ukimwona ameshika mkasi ujue umechelewa.

Kwa hiyo sikumwambia.

Jumanne, 4 Machi

Ameuliza. Nilikuwa navaa viatu.

"Baba, mkanda wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema umekatika, nimeupeleka kutengenezwa. Mdomo ukasema jingine. "Labda umeuweka mahali ukasahau, mama."

Akasimama pale, mkono juu ya gurudumu. "Mimi?"

"Umri huo, mama. Mbona hata mimi nasahau."

Akacheka kidogo. "Haya. Nitautafuta."

Sijui kwa nini nilisema vile. Ulionekana uongo mdogo kuliko ule wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Ametafuta kabatini.

Ijumaa, 7 Machi

Ametafuta chini ya kitanda. Ametoa na sanduku la nguo za marehemu baba, moja moja, akazikunja tena. Mvua haijakatika.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa nakunywa chai, yeye yuko magotini anapapasa nyuma ya cherehani. Mke wangu akasema, "Hivi nyumba hii ina panya wanaokula ngozi?" Alisema akimwangalia mama, lakini alipomaliza akaniangalia mimi.

"Basi ninunulie mwingine," mama akasema.

"Maduka hayana, mama. Cherehani za miguu zimekwisha, watu wanatumia za umeme."

"Fundi mzima unakosa mkanda! Watu wanakuletea friji zimekufa unazifufua."

"Friji ni friji, mama."

"Na mkanda ni ngozi na kibano. Hata mbuzi anayo ngozi."

Tulicheka wote. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Jumanne, 11 Machi

Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, amekuja kuuliza sare za watoto wake. Mama alishazikata: sketi mbili, mashati mawili, vipande viko kwenye kikapu, vimebanwa kwa pini. Nilimdaka mlangoni.

"Mama amestaafu," nikamwambia.

"Amestaafu lini? Juzi juzi kanipimia watoto."

"Macho, jirani. Mikono."

"Pole yake. Na vitambaa vyangu?"

Nikataka kumpa kikapu ampelekee fundi mwingine. Akakataa. "Atajuaje huyo mama alikusudia nini? Ona, hapa kaacha upana. Wanakua hawa. Fundi mwingine atanyoosha tu. Naviacha. Shule ikifungua na hajapona, watavaa za zamani."

Hajapona, kasema. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumba imetulia. Mama amekaa vizuri, kitambaa magotini, anaangalia mvua. Leo nimejisemea, umefanya jambo la maana. Nimemletea na machungwa.

Alhamisi, 20 Machi

Leo hakutafuta.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi nimemkuta amesimama chumbani kwake na nguo mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Mke wangu anasema ameanza kusimama pale tangu hatujaamka.

"Mama, vipi?"

"Nivae ipi?"

"Yoyote, mama. Zote nzuri."

"Nambie ipi."

Nikaonyesha ya kijani. Akaivaa haraka, kama mtoto anayeogopa nitabadilisha. Huyu ndiye aliyekuwa anatuvua nguo mlangoni mimi na dada yangu, anatuambia rangi hizi hazijuani.

Nimekaa karakana na friji la mtu limefunguka mbele yangu, sijaligusa. Sielewi naogopa nini.

Ijumaa, 28 Machi

Kaniuliza kama ale. Chakula kiko mbele yake.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua inazidi, maji yamefika ngazi ya pili. Mama amehamia jikoni. Anaburuta kiti chake mpaka karibu na jiko la mkaa, anakaa hapo kutwa. Mke wangu anamruka akipika. Akimwambia asogee anasogea, halafu anarudi. "Namwambia mama, menya hata vitunguu," ananiambia. "Ananijibu, nivimenye vingapi? Namwambia vitatu. Anamenya vitatu anaweka kisu. Vilivyobaki havigusi mpaka aambiwe."

Jumamosi, 5 Aprili

Mama kaniuliza, "Niende chooni?"

Nimesema ndiyo, mama, nenda. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli. Nimezaliwa na mtu, na mtu huyo ananiomba ruhusa ya choo.

Nilifika karakana nikafungua lile friji. Mkanda upo. Umeanza kuota ukungu. Nilisema nitaurudisha leo. Halafu nikajiuliza nitasema umetokea wapi, na nikafunga mlango.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikuurudisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mke wangu amenipigia simu nikiwa karakana, sauti yake haikuwa yake. Nimekimbia kwenye matope.

Alikuwa amesikia harufu akadhani nyama imeshika sufuria. Kuangalia, mama amekaa kwenye kiti chake, mguu wa kulia umegusa ubavu wa jiko. Kidole gumba na kile kinachofuata. Ngozi imekuwa nyeupe, imevimba kama plastiki. Na mama anaangalia dirishani.

"Mama, huoni maumivu?" nikamuuliza nilipofika.

"Maumivu ya nini?"

Alipouona mguu wake mwenyewe hakulia. Alisema, "Kumbe," basi. Halafu akamgeukia mke wangu: "Niutoe?" Mke wangu alikuwa ameshautoa zamani.

Tulipomlaza, mke wangu alinivuta uani. Alinong'ona lakini alikuwa anapiga kelele.

"Mama huyu hakuwa mtu wa kukaa jikoni. Miaka yote niliyoolewa hapa, jikoni kwangu alikuwa anapita tu. Mchana alikuwa kwenye cherehani yake."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua tu."

"Mume wangu, mkanda uko wapi?"

Nilisema sijui. Nimeoa mwanamke mwenye akili. Akarudi ndani kumfunga mguu.

Miguu yake imekufa ganzi kwa sukari, hilo nililijua. Hata ile sindano. Nilijua na sikuunganisha. Angekuwa kwenye kanyagio asingekuwa kwenye jiko. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Jumapili, 13 Aprili

Nimenunua dawa ya kupaka na bandeji duka la dawa. Mke wangu anasema hospitali. Nimesema tungoje kidogo, mvua ipungue. Si mvua. Naogopa daktari ataniuliza ilikuwaje.

Jumatano, 16 Aprili

Malengelenge yamepasuka. Namsafisha mwenyewe asubuhi na jioni. Ananiangalia kichwani nikiwa nimeinama, nasikia macho yake kwenye utosi.

Ijumaa, 18 Aprili

Kidole kimegeuka rangi. Nimesema ni dawa.

Jumanne, 22 Aprili

Jana usaha. Leo harufu. Mke wangu hakuniuliza, aliita gari akamvalisha mama, akaniambia, "Unapanda au unabaki?" Nikapanda.

Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko mimi kwa miaka kama ishirini, ana kikohozi na haraka. Alifungua bandeji yangu, akakunja uso.

"Hii ina siku ngapi?"

"Kama kumi na mbili hivi."

"Na mlikuwa wapi?"

"Mvua," nikasema.

Wakampima, wakampiga picha ya mguu, wakampa kitanda. Jirani yake ni bibi mmoja kwenye kitanda cha dirishani, amevunjika nyonga, ana mdomo. Alimpokea mama kwa kumwambia, "Karibu. Chai yao ni maji ya kuoshea vikombe. Usiseme hukuambiwa."

Daktari alirudi jioni na majibu. Alivuta kiti, akaongea na mama, si na mimi. Vidole viwili vimekufa na uchafu unapanda. Njia mbili. Ya kwanza, kukata vidole na nyama iliyooza, kubakiza mguu. Lakini damu inafika kwa shida, kidonda kinaweza kukataa kupona, ikabidi arudi kisuni, na kila kurudi ni hatari. Ya pili, kukata chini ya goti mara moja. Hapo damu ni nzuri, kupona ni rahisi zaidi. Lakini mguu ndiyo umekwenda.

"Umenielewa, bibi?"

"Nimeelewa."

"Tufanye lipi?"

Mama akanitazama. "Muulize mwanangu. Siku hizi yeye ndiye mwenye akili za nyumba."

"Nakuuliza wewe. Mguu ni wako."

"Mimi nasahau, daktari. Nilisahau nilipoweka mkanda wa cherehani yangu, na nimeutumia tangu huyu hajazaliwa. Mtu aliyesahau mkanda ndiye aamue mguu?"

Alisema bila kulalamika, kama anavyotaja jina lake.

Mke wangu aliangalia sakafu. Mimi sijui niliangalia wapi.

Nilimfuata daktari korido. "Kata goti," nikamwambia. "Ndiyo salama. Nisaini wapi?"

"Husaini popote. Mama yako hajachanganyikiwa. Nimemuuliza siku, mwezi, nimempa hesabu za kutoa, kajibu kabla sijamaliza. Sitii kisu mguuni kwa mtu mwenye akili zake kwa sababu mtoto wake kasema."

"Lakini mwenyewe hataki kuamua."

"Kuna kitu kimemtisha. Mtafutieni." Akakohoa. "Nimempa dawa za mshipa, zitashikilia siku chache. Jumatatu asubuhi nataka jibu lake. Sio lako. Halafu, alikuwa anashona?"

"Ndiyo."

"Mbona ameacha?"

"Mashine imeharibika."

"Wewe kazi yako nini?"

"Fundi. Friji na feni."

Aliniangalia kama anavyoangalia kidonda.

Jumatano, 23 Aprili

Dada yangu kwenye simu: "Sasa unaniuliza mimi? Wewe si ndiye uliyezoea kumwamulia? Kila nikipiga nikimuuliza mama unataka nini, ananijibu muulize kaka yako. Ulimfanya nini?"

Nikasema mtandao mbaya. Nikakata.

Nimepita karakana. Muuza vyuma chakavu alikuwa amesimama mlangoni na toroli lake. Anauliza kama nina friji bovu la kumpa. Nimemfukuza kama mwizi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimesema.

Nilitoa mkanda asubuhi, nikaufuta ukungu, nikaupaka mafuta mpaka ukalainika. Kutoka karakana mpaka hospitali nilikuwa nautia mfukoni nautoa. Nikawaza nimwambie nimeupata nyuma ya kabati. Ingekuwa rahisi. Angefurahi. Lakini angebaki anaamini ni yeye aliyeuweka nyuma ya kabati.

Mama alikuwa macho. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikauweka juu ya shuka.

"Mama, hukusahau."

Akaushika. Akaupitisha vidoleni mpaka kwenye kibano, akakigusa kile kibano alichokibana mwenyewe. Akaunusa.

"Mbona unanuka friji?"

"Ulikuwa ndani ya friji. Karakana. Mimi ndiye niliyeuvua."

"Lini?"

"Siku ile ile. Hukuupoteza, mama. Hukusahau kitu."

Nilitegemea kofi. Nililitaka. Badala yake uso wake ulifunguka, sijauona hivyo tangu mvua zianze.

"Kumbe sikusahau," akasema. Halafu kwa sauti: "Kumbe sikusahau!"

Bibi wa dirishani akashtuka. "Nini hukusahau?"

"Mkanda wangu! Sikuupoteza mimi! Akili zangu zipo!"

"Hongera! Za kwangu sijui, lakini hongera."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikaanza kucheka kidogo, kama mpumbavu. Ndipo akageuka.

"Ulikuwa unaniona natafuta."

"Ndiyo, mama."

"Nilitoa nguo za baba yako zote. Nilipiga magoti. Wewe umekaa unakunywa chai."

"Ndiyo."

"Unajua nilikuwa naogopa kulala? Nilisema, nikilala nitaamka nimesahau na huyu ni nani. Nikaanza kuuliza kila kitu ili nisikosee. Nikasema, bora niulize, wasije wakaniweka mahali. Hata choo." Sauti ikakwama. "Hata choo nilikuomba."

Nikanyoosha mkono nimshike, akausukuma.

"Ondoka."

"Mama..."

"Ondoka. Sitaki kukuona."

Aligeukia ukutani na mkanda ameukumbatia. Bibi wa dirishani aliniangalia muda, akasema taratibu, "Nenda nyumbani, kijana. Leo umefukuzwa." Kijana, nina miaka hamsini na moja.

Nimemwambia mke wangu. Akasema, "Nilijua." Akaendelea kuosha vyombo. Halafu akasema, "Ningekuuliza mara ya pili ungesema. Sikukuuliza. Hilo ni langu."

Nina jambo jingine, naliandika hapa kwanza ili mkono uzoee. Haikuwa sindano peke yake. Siku chache kabla ya sindano, yule yule wa vyuma chakavu alikuja na mwenzake. Wakasikia cherehani nyumbani wakipita, wakafika karakana wanacheka. "Baridi," ndivyo wanavyoniita, "wewe una mabega ya mlango na bibi kizee bado anakanyaga mashine? Mwache apumzike, mwanaume!" Wakaenda zao. Wao walishasahau. Mimi kauli yao niliibeba nyumbani. Sindano ilipompata mama, katikati ya kupiga kelele, kuna sehemu ndogo ndani yangu ilisema: sasa umepata sababu.

Ijumaa, 25 Aprili

Hajanitazama. Nimekaa korido.

Jumamosi, 26 Aprili

Mke wangu katoka wodini. "Anakuita."

Alikuwa amekaa wima, mito miwili mgongoni, nywele amesukwa upya na bibi wa dirishani.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. Sindano, na wale wawili, na ile sehemu ndogo. Nilisema nikiangalia mikono yangu.

Alifikiri. "Kwa hiyo aibu ilikuwa saizi yako, ukanivalisha mimi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Hiyo tutaishona siku nyingine. Sasa hivi nina kazi. Funua huo mguu."

"Mama, nesi atafoka."

"Funua."

Nilifunua bandeji. Nesi alikuja kufoka, mama akamwambia, "Binti, ni mguu wangu, nauangalia," nesi akasimama tu. Mama aliinamisha kichwa akauangalia mguu. Aliuangalia muda mrefu, hakusema neno, na mimi nikatambua. Nilikuwa sijaiona sura ile tangu Februari. Nilijua mkasi unakuja na sikujua utapita wapi.

"Funga," akasema. "Kesho niletee chaki yangu. Ile bapa, ya buluu. Iko kwenye kikapu cha Mama Pacha."

"Ya nini?"

"Nimewahi kukuuliza bisibisi zako za nini?"

Jumapili, 27 Aprili

Nimempa chaki. Akaitia chini ya mto.

"Daktari akija kesho nitamwambia vidole," akasema. "Goti sitoi."

Nilianguka magotini, kweli, kwenye sakafu ya wodi. Nilimwambia kidonda kisipopona ni kurudi tena na tena. Nilimwambia daktari mwenyewe amesema goti ndiyo salama. Nilimwambia, "Utakufa, mama! Utakufa kwa ajili ya cherehani!"

"Usinipigie kelele. Nikikatwa goti, nitakanyaga na nini?"

"Kwani lazima ukanyage?"

Mara nilipolisema nililisikia. Yeye pia alilisikia. Hakukasirika.

"Ulinikalisha pale nimetulia wiki ngapi? Ulinipenda vile? Nivae ipi, nile, nilale. Yule ulimpenda?"

"Nilimwogopa."

"Hata mimi." Akanishika sikio, kama zamani, akalivuta kidogo. "Naweza kufa. Nimesikia alichosema yule binti, nimekisikia chote. Nimeangalia kitambaa, nimeona kinavyotosha. Kikipunguka, kimepunguka kwa mkono wangu. Lakini usiniombe nikate unapotaka wewe ili wewe upate usingizi."

Bibi wa dirishani akasema, "Msikie. Na ukimaliza kulia, nisogezee hilo dirisha, mvua inaniingilia."

Nikaenda nikasogeza dirisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari alikuja na watu wake. Alipofunua shuka wote wakasogea. Mama alishaondoa bandeji mwenyewe asubuhi. Juu ya mguu, nyuma ya vidole viwili, kulikuwa na mstari wa chaki ya buluu, umepinda vizuri kama shingo ya shati.

"Nini hiki, bibi?"

"Mpaka hapa," mama akasema. "Ukiona ndani pameoza kuzidi hapa, zidisha kidogo, ndiyo kazi yako. Lakini kisigino uniachie. Kisigino ndicho kinachokanyaga."

Daktari aliinama akaangalia mstari kwa karibu. "Umeacha upana kidogo."

"Lazima uache. Utashonea wapi?"

Daktari akakohoa, nadhani ilikuwa kicheko. Halafu akawa makini, akarudia hatari zote moja moja, polepole, na mama akaitikia kila moja. Akamwambia pia kwamba kisipopona kwa wiki tatu, watakata juu na hapo hakuna mjadala. Mama akasema sawa. Wakampa kalamu. Alisaini mwenyewe.

Hakuna aliyenitazama mimi. Nilikuwa nimesimama pembeni na viatu vyake mkononi.

Jumanne, 29 Aprili

Wamemwingiza asubuhi. Mvua. Mke wangu ameshika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Sijawahi kuogopa hivi, na mara hii sina pa kuiweka hofu, hakuna friji. Wametoa vidole viwili na kipande. Kisigino kipo. Yuko hai.

Ijumaa, 2 Mei

Homa.

Jumamosi, 3 Mei

Homa. Anamwambia nesi kipimo chake cha sukari ni cha kabla ya chai, si baada.

Jumapili, 4 Mei

Homa imeshuka. Kaomba embe. Bibi wa dirishani kasema amuachie kokwa.

Jumanne, 13 Mei

Bandeji imefunguliwa mbele yangu. Daktari alinusa kwanza, akabonyeza kingo. Nyama nyekundu, hainuki. "Mpaka sasa inakubali," akasema. "Mpaka sasa. Msije mkalala." Nimemuuliza asilimia ngapi. Akasema yeye si muuza bahati nasibu.

Mama anarudi nyumbani kesho.

Alhamisi, 15 Mei

Jana, kabla hajafika, mke wangu alinikuta nimepiga magoti mbele ya cherehani, narudisha mkanda. Haukuwa mgumu, lakini mikono yangu iliushindwa mara mbili. Akanishikia taa.

Mama aliingia na magongo, akapita jikoni bila kusimama, akafika kwenye cherehani, akazungusha gurudumu. "Umelegeza," akasema. "Vua. Kata kidogo, funga tena. Nitakuonyesha." Akanionyesha.

Nilimwambia mguu wa kulia daktari amekataza mpaka kidonda kifunge. Akaniambia, "Na wa kushoto je, amekataza?"

Jumatatu, 19 Mei

Mvua inaelekea mwisho, asubuhi kulikuwa na jua la nusu saa. Shule inafungua wiki ijayo. Mama Pacha amekuja, amekuta kikapu mezani, akakaa chini akaanza kutoa pini.

Leo sikuenda karakana mapema. Nilikaa uani na feni ya mtu magotini. Mama anashona ndani kwa mguu mmoja, wa kushoto, na mguu wa kulia umewekwa juu ya kiti, mbali, umefungwa. Mlio umebadilika. Zamani ulikuwa unakwenda mfululizo. Sasa unakwenda, unasimama, unakwenda.

Kila ukisimama nainua kichwa. Nawaza sindano, nawaza homa, nawaza damu isiyofika. Bisibisi naiweka chini. Natamani kuingia nimwambie basi, mama, inatosha kwa leo.

Leo ulisimama muda mrefu kuliko zote. Nilishakuwa mlangoni.

Alikuwa ameinua sketi mbili mbele ya dirisha, moja mkono huu, nyingine mkono ule, anaziangalia.

"Mama?"

"Toka kwenye mwanga, baba," akasema.

Nikatoka. Nikasimama nje ya mlango nikingoja, na baada ya muda mlio ukaanza tena.